Mwenye kidonda aliulizwa?

Mtoto wa kaka yangu anasoma sheria chuo kikuu. Mwezi uliopita mwalimu wao aliwapa kazi ya kuandika kuhusu haki rejeshi, yaani haki ile ambayo, badala ya kuhesabu miaka ya kifungo, inauliza nani ameumizwa, nini kimeharibika na nani atakitengeneza. Akanipigia simu. "Shangazi, shikamoo. Wewe si ulikuwa baraza la kata? Mlikuwa mnahukumu au mnapatanisha?" Nikamrekodia sauti WhatsApp, moja baada ya nyingine, mpaka simu ikazima chaji. Kesho yake akasema sauti haziwezi kunukuliwa kwenye kazi ya chuo, bora niandike. Nikaona kama ni kuandika, niandike hapa wasome na wengine.

Jibu fupi ni kwamba tulifanya yote mawili, tena siku moja, kwenye benchi lile lile. Jibu refu ndilo hili.

Kata siitaji jina, ni mojawapo ya kata za mkoa wa Morogoro na watu wanajuana. Mimi ni fundi cherehani. Sheria sikuisomea. Niliingia barazani kwa sababu Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya 2002 inataka baraza la kata liwe na wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, na watatu kati yao wawe wanawake. Kwetu walikuwa wawili. Mtendaji wa kata alikuja dukani kuchukua suruali aliyoleta kupunguzwa, akasimama mlangoni akiangalia wateja waliokaa kwenye mkeka, akasema, "Fundi, kwako wanakuja wote, hata wasiosalimiana." Ndiyo sifa niliyoingia nayo. Jina likapelekwa, likapita, nikapewa kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha plastiki, kimefungwa waya mguuni. Ofisi ya kata ilitupa chumba kimoja, meza, benchi mbili za wadaawa, yaani wenye shauri, daftari kubwa la jalada gumu na muhuri ambao katibu aliulinda kuliko simu yake. Wakili haruhusiwi. Ukija na wakili wako, wakili atakusubiri nje na bodaboda. Kila mtu anajisemea kwa mdomo wake, na asiyejua kusema ndiye anayepata tabu, nitalirudia hilo.

Sheria iliyoyaanzisha mabaraza haya ni ya 1985, na kazi ya kwanza iliyoandikwa humo ni kulinda amani ya kata kwa kupatanisha watu mpaka wafikie suluhu iliyo ya haki. Adhabu inakuja nyuma. Kwa hiyo mwanangu, usiandike kama vile jambo hili lilishuka juzi na ndege likiwa kwenye makabrasha ya semina. Limo kwenye sheria ya nchi toka kabla hujazaliwa, na kabla ya sheria lilikuwa vibarazani kwa wazee. Ila usiandike pia kwamba kwa kuwa ni la wazee basi ni jema. Hapo ndipo nina neno langu, nalo ni moja tu: suluhu yoyote utakayoonyeshwa, uliza kwanza kama aliyeumizwa aliulizwa, na kama alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Nikupe shauri moja lililokwenda vizuri, au karibu na vizuri.

Mama mmoja mjane alikuwa na shamba la mahindi kando ya bonde. Mahindi yameshabeba, yanaanza kukauka, bado kidogo avune. Alfajiri moja ng'ombe wa mzee wa Kisukuma wakaingia. Kwetu wafugaji ni wengi, Wamaasai, Wabarabaig, na Wasukuma waliohamia na mifugo na majembe yao ya kukokotwa. Bwana shamba akaja na futi kamba, akahesabu mistari, akahesabu mashina yaliyolala na yaliyoliwa, akaandika hasara ya gunia sita.

Siku ya shauri mzee alikuja na hela tayari, kazifunga kwenye leso. Hakutaka maneno. Polisi zilikuwa zimeshatajwa, na mfugaji akisikia polisi anajua ng'ombe wake watashikwa na kila siku ya kushikwa ina gharama yake. Akaweka leso mezani. Mwenyekiti wetu alikuwa na mashauri mengine matatu nje, akamwambia yule mama, "Haya mama, pokea haki yako tufunge daftari."

Mama hakunyoosha mkono.

"Hela nitapokea," akasema. "Ila nataka huyu kijana aseme hapa mbele yenu, mimi nilipomwita, kwa nini alicheka."

Kijana alikuwa amekaa nyuma ya baba yake, wa miaka kumi na sita hivi, kofia mkononi. Mzee akaanza kujibu kwa niaba yake. Mama akamkata: "Baba, wewe sikukuuliza." Chumba kizima kikatazama chini. Mjumbe mmoja akaninong'oneza kwamba huyu mama anatupotezea muda, gunia sita ni gunia sita. Nami nikawa namwangalia yule mama, nikaona kilichomuuma hakipo kwenye hesabu ya bwana shamba.

Kijana alipoanza kuongea aliongea Kisukuma, chini chini, na mzee mwingine akatutafsiria. Alikuwa na ng'ombe toka jana yake, peke yake. Njia ya mifugo waliyozoea kupitia kwenda mtoni ilikuwa imelimwa, mtu kapanda alizeti. Akaamua kuwapitisha gizani pembeni mwa mashamba ili asionekane. Ndama mmoja akabaki nyuma, akamrudia, na aliporudi ng'ombe wameshaingia kwenye mahindi. Akamwona mama anakuja na panga. Akaogopa, akakimbia, na huko kukimbia kikamtoka kicheko, yeye mwenyewe hajui kwa nini.

"Panga nilikuwa nakatia kuni," mama akasema.

Hapo tungeweza kukwama, maana mzee alianza kukasirika. Kwamba njia imelimwa, kwamba wanaolima njia hakuna anayewaita barazani, anaitwa mfugaji tu. Ni kweli, lakini aliisema kwa sauti ya ugomvi na upande wa pili wakaanza kujibu. Aliyetuokoa ni mjumbe mwenzetu, mzee wa Kizaramo aliyeolea huku. Wazaramo na Wasukuma ni watani toka enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ambayo mwenyekiti hana. Akamwambia yule mzee, "Nyie mnapenda ng'ombe kuliko wake zenu. Leo fidia tunachukua mke, ng'ombe rudi nao." Watu wakaangua kicheko, mzee naye akacheka bila kupenda. Kisha kwa sauti ile ile ya masihara akaongeza, "Lakini mtani, mtoto umemwachia kundi lote usiku peke yake. Mimi sina hata kuku, na najua hilo halifai." Mzee akakaa kimya. Maneno hayo hayo yangetoka kwa mwenyekiti, tungeambiwa baraza linawaonea Wasukuma.

Halafu tukamuuliza mama anataka nini. Nasisitiza kwamba tulimuuliza, kwa sababu sisi tusingeyafikiria aliyoyasema. Kwanza alikataa hela. Alisema hela ya msimu wa mavuno inanunua gunia sita, lakini ikifika Januari, chakula kikiwa kimekwisha ndani, hela hiyo hiyo haitanunua hata nne, na yeye njaa yake iko Januari. Alitaka mahindi yenyewe, gunia tatu sasa na tatu Januari. Pili, msimu ukifika mzee amlimie shamba kwa ng'ombe, na anayeshika plau awe kijana huyu huyu, asitume kibarua. "Nataka aujue mpaka wangu kwa miguu yake." Tatu, kundi lisiachiwe tena mtoto mmoja usiku. Na nne, hili lilimshangaza hata mzee, mama alitaka serikali ya kijiji iandikiwe barua kuhusu ile njia, na waliolima juu yake waitwe. Mjumbe mmoja akakohoa. Mmoja wa waliolima alikuwa shemeji yake.

Katibu akayaandika yote, wakaweka sahihi na dole gumba, na tukachagua wasimamizi wawili, mmoja kila upande. Januari gunia tatu zikaja. Moja lilikuwa limeliwa na dumuzi, unga mtupu chini, likarudishwa na kubadilishwa. Kijana alilima. Nilipita siku hiyo nikaona mama kakaa kwenye kivuli anamwelekeza kwa fimbo. Hawakuwa ndugu na sitakudanganya. Wanasalimiana, na ng'ombe hawajaingia tena kutoka boma lile. Njia ilifunguliwa, mawe yakapakwa chokaa pande zote mbili, na msimu wa pili mawe yakahama. Yalihamia wapi kila mtu anajua.

Msomaji wa mjini ataona ugomvi wa njia ya ng'ombe ni mdogo. Sisi wa mkoa huu hatuwezi kuuona hivyo. Tarehe 8 Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Migogoro ya namna hii imejengwa na mambo kama haya haya: mazao yaliyoliwa, ng'ombe walioshikwa, njia ya kwenda majini iliyozibwa, na kila upande ukiamini ofisi ni ya wenzao. Ukimlipisha mzee gunia sita na kufunga daftari, umelipa hasara. Njia imebaki imelimwa, na kijana mwingine atapita gizani.

Sasa nikupeleke kwenye mabadiliko ya 2021, maana mwalimu wako atayauliza. Mwanzoni, kwa mashauri ya ardhi, baraza la kata lilikuwa na meno. Liliweza kuamua mgogoro wa mali isiyozidi shilingi milioni tatu. Marekebisho ya 2021 yaliondoa mamlaka hayo. Siku hizi baraza linasuluhisha tu, na siku 30 zikipita bila suluhu, mdaawa ana njia ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wajumbe wenzangu waliona tumevuliwa nguo. Mwenyekiti alisema wazi kwamba baraza lisiloamua ni kijiwe cha kahawa.

Mimi nilipokea kwa moyo wa nusu kwa nusu, na mpaka leo niko hivyo. Tulipokuwa na meno, watu walikuja kushinda. Mtu alificha jambo, alileta shahidi wa kukodi, alimtembelea mjumbe jioni na kilo ya sukari. Meno yalipoondoka, wale waliokuja walikuja kweli kuongea, kwa sababu hakuna kingine cha kupata pale. Nimeona ndugu wawili wa baba mmoja wakigawana kiwanja bila kelele, jambo ambalo miaka ya nyuma lingeandikwa hukumu, likakatiwa rufaa, na kufa nao. Lakini nimeona pia mwenye nguvu akitabasamu siku zote 30. Anakuja, anasikiliza, anasema "tutaona", anaondoka. Anajua mwenzake hana nauli ya kwenda wilayani wala hela ya mtu wa kumwandikia maombi. Hapo kukataa kuko upande mmoja tu. Mwenye nguvu anaweza kusema hapana bila kupungukiwa kitu, mnyonge akisema hapana anapoteza kila kitu. Suluhu ya namna hiyo hata ikiandikwa kwa wino mwekundu mimi siihesabu.

Kwa ndoa nitapita haraka, maana nikianza sitamaliza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapitie kwanza baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani, na wanawake wengi walikuja kwetu kwa sababu hiyo. Wapo waliokuja jicho limevimba. Na wapo wazee, tena watu wazuri, wanaoswali na wanaosali, walioanza kikao kwa "mama, nyumba inajengwa na mwanamke". Mmoja aliwajibu vizuri sana: "Nimekuja kuchukua fomu namba tatu, sikuja kupatanishwa." Tukampa fomu yake. Iliandikwa tu kwamba usuluhishi umeshindikana, ingawa kwa haki haukujaribiwa, na haukustahili kujaribiwa.

Shauri la pili ninalotaka uliandike kwa kirefu ni lile ambalo halikupaswa kufika mlangoni kwetu.

Walikuja baba wawili na wajomba, asubuhi mapema kabla ya wadaawa wengine, wamevaa vizuri. Walikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono safi wa mwalimu. Kijana wa bodaboda amempa mimba binti wa darasa la saba. Familia zimekaa, zimekubaliana: ng'ombe wawili, kiasi cha fedha, doti mbili za kanga kwa mama wa binti, na gharama za kujifungua. Mtoto akizaliwa atalelewa kwa baba wa binti. Wote wamesamehe. Walichotaka kwetu ni muhuri, ili kesho asije mtu kugeuka.

Niliisoma ile karatasi mara mbili. Ilikuwa na majina tisa ya wanaume na sahihi zao. Jina la binti lilikuwemo mara moja tu, kwenye sentensi ya mimba.

Nikauliza, "Binti mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, anapika."

Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, binti wa chini ya miaka 18 hata akisema alitaka, mbele ya sheria huo ni ubakaji, na kifungo hakipungui miaka 30. Baraza la kata halina hata pa kuligusa. Katibu wetu, kijana mpole ambaye kwa kawaida hupitisha kila kitu, akachukua muhuri, akautia kwenye droo, akafunga na ufunguo akautia mfukoni. Hakusema neno. Tukawaeleza kwamba jambo hili ni la polisi na ustawi wa jamii, na taarifa ikapelekwa siku hiyo hiyo.

Baba wa binti alinifuata nje. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo linanisumbua. Aliniambia, "Fundi, akifungwa miaka thelathini, mtoto atakula nini? Ng'ombe wawili ndio maziwa." Mimi sikuwa na jibu la maana. Nilisema habari za sheria, naye akanisikiliza kama mtu anayesikiliza redio. Swali lake lilikuwa la kweli, na hakuna ofisi yoyote iliyolijibu, si ya kwetu wala ya waliotufuata. Kesi ilifunguliwa. Ilipofika siku ya ushahidi, binti alikuwa amepelekwa kwa bibi yake mkoa mwingine na hakuna aliyejua kijiji. Ikafa. Kijana anaendesha bodaboda mpaka leo. Ng'ombe nasikia walihama boma usiku, karatasi yao ikafanya kazi bila muhuri wetu. Baba wa binti siku hizi anashona kwa fundi mwingine.

Unaona ugumu wake? Wazee hawakumuuliza binti. Lakini nenda mbele: na serikali nayo ilimuuliza nini, zaidi ya umri na tarehe? Anataka kurudi shule? Anataka kumlea mtoto? Anamwogopa nani? Alikuwa shahidi kwenye kesi ya Jamhuri, kama alivyokuwa mstari kwenye karatasi ya wajomba. Mimi bado nasema mahali pake ni polisi, na muhuri kukaa kwenye droo lilikuwa jambo sahihi. Ila ukiandika kwamba mahakama ndiyo yenye kumsikia aliyeumizwa na vikao vya wazee ndivyo visivyomsikia, utakuwa hujamtembelea binti kama huyo.

Wenzetu wa Kenya wameliandika hili kwenye katiba yao ya 2010. Ibara ya 159 inasema mahakama ziendeleze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro, kisha hapo hapo inaweka mpaka: zisivunje haki za binadamu zilizomo kwenye katiba, wala zisiwe kinyume cha haki na maadili. Mwaka 2020 mahakama yao ikazindua sera ya mifumo mbadala ya haki, kazi ya jopo lililoongozwa na Jaji Joel Ngugi. Nawasifu kwa kuandika, maana kwetu mengi bado yanategemea mwenyekiti ameamkaje.

Lakini Kenya hiyo hiyo ina shauri la 2013 ambalo mtoto wa kaka yangu lazima atalikuta. Mtu alishtakiwa kwa mauaji Mahakama Kuu ya Nairobi. Familia mbili zikakaa kwa mila na dini yao, wakalipana ngamia, mbuzi na vitu vya kimila, na familia ya marehemu ikaomba kesi iondolewe. Upande wa mashtaka ukaomba hivyo, na mahakama ikakubali. Watu waliliandika sana, wengine wakisifu kwamba sasa mila imepata heshima yake. Mimi nimelifikiria kwa kipimo changu na kinanigomea. Familia ina kidonda chake, kweli, na haki ya kusamehe kidonda hicho. Lakini kidonda cha marehemu kinasamehewa na nani? Yeye hawezi kusema hapana. Na ndani ya familia, mjane alisema nini, mama mzazi alisema nini, au walijulishwa ngamia wakiwa wameshafika? Sijamlaumu jaji. Familia mbili kuacha kuuana si jambo dogo. Ninachosema ni kwamba kwenye damu, mimi ningetaka suluhu ikae pembeni ya hukumu, isiifukuze.

Na Rwanda utaikuta kwenye kila kitabu. Gacaca, mahakama za wananchi zilizosikiliza makosa ya mauaji ya kimbari ya 1994, zilikaa kwenye nyasi kila mtaa, karibu mahakama 12,000, zikasikiliza mashauri yanayokaribia milioni mbili mpaka zilipofungwa Juni 2012. Mawakili hawakuwepo huko pia. Waliokiri walipunguziwa, wengine wakatumikia adhabu kwa kazi za jamii, kuchonga matuta ya milimani, kujenga nyumba, kuponda kokoto. Zina lawama zake nzito: makosa ya jeshi lililoshinda vita hayakuletwa pale, na wapo mashahidi waliouawa kwa kusema. Mimi kilichonigusa ni sehemu moja ya kukiri: mtu alitakiwa aseme miili iko wapi. Hakuna fidia ambayo serikali ingeweza kulipa badala ya jibu hilo. Shimo lipi, choo kipi, kando ya mto upi. Mwenye kuuliza hivyo hahitaji mnyanyasaji wake awe rafiki, wala hahitaji aombwe asamehe. Anahitaji kuzika. Na wapo waliopata jibu wakazika na hawakusamehe, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia hawakupatana vizuri.

Kwa hiyo kwenye kazi yako ya chuo, mwanangu, usitafute picha za watu wanaokumbatiana. Nenda na daftari. Daftari la baraza lina kurasa za makubaliano, zimejaa sahihi. Wewe angalia kinachofuata baada ya sahihi. Kama kuna mtu aliandika "Januari gunia tatu zimeletwa, moja bovu, limebadilishwa", hapo palikuwa na kazi. Kama kurasa zinaishia kwenye sahihi tu, hujui kitu. Na uliza nani alimlipa msimamizi nauli ya kwenda kukagua. Kwetu ilikuwa hakuna. Msimamizi wa upande wa mama alikuwa na baiskeli, wa upande wa mzee alikwenda kwa miguu, na posho ya wajumbe yenyewe ilikuwa ya kusikia tu. Baraza lisilo na nauli linashawishika kuomba "ya soda" kwa wadaawa, na ukishaomba soda kwa mmoja, mwenzake ameshaona.

Mimi sipo tena barazani, muda wangu ulikwisha na wamepata mwanamke mwingine, mwuza samaki, mkali kuliko mimi. Lile suala la njia bado lipo. Kijiji kimepanga kupima upya, safari hii na mtu wa ardhi kutoka wilayani, na wanataka kuweka vigingi vya zege badala ya mawe. Waliolima juu ya njia wameshasema hawatakuja. Mama mjane atakuja, ameniomba nifunge duka nimsindikize. Mzee wa Kisukuma naye yuko tayari, ila anataka kwanza aelezwe gharama ya vigingi inabebwa na wafugaji peke yao au na kijiji kizima.